Gemu yako ya Game Boy uiweke wapi mtandaoni?

Gemu ndogo ya Game Boy, kile kifaa cha Nintendo cha kuchezea gemu mkononi, inaweza kuwa faili la KB 32 tu. Picha moja ya harusi unayotumiwa WhatsApp huizidi kwa mbali. Kwa hiyo wanaoniuliza hapa Dodoma ni jukwaa gani linabeba gemu vizuri, nawaambia ukubwa si hoja. Hoja ni mtu aliyebonyeza kiungo akiwa ndani ya daladala ya Area C, bando lenyewe la kuungaunga. Je, gemu itaanza papo hapo, au ataambiwa kwanza afungue akaunti, apakue faili, kisha atafute emuleta (programu inayoigiza Game Boy)? Akiambiwa hayo, ameshaondoka.

Ndiyo maana zangu naziweka itch.io, tovuti ya kuweka na kuuza gemu. Natengeneza kwa GB Studio, programu ya kutengenezea gemu za Game Boy, ambayo hukutolea vitu viwili: faili la ROM (gemu yenyewe kama inavyokaa kwenye kaseti ya Game Boy), na toleo la wavuti lenye emuleta ndani yake pamoja na vitufe vya kugusa kwenye kioo cha simu. Toleo la wavuti unalifunga kwa zip (hakikisha index.html iko juu kabisa, isijifiche ndani ya folda nyingine), unalipandisha, unaweka tiki kwamba faili hilo lichezwe kwenye kivinjari. Weka tiki pia kwenye kisanduku cha kusema gemu inachezeka kwenye simu. Wengi hukipita hicho, wakati huku kwetu karibu kila mchezaji ni wa simu.

ROM nayo iweke hapohapo pembeni. Gemu yangu ya mbuzi anayeiba zabibu Hombolo huchezwa na vijana wa UDOM kwenye kivinjari, lakini kuna watu wa nje wenye Game Boy halisi, mashine ya mwaka 1989, ambao toleo la wavuti hawana haja nalo kabisa. Wao wanataka ROM waitie kwenye kaseti.

Kuhusu hela, punguza matumaini. itch.io hukuachia wewe uamue wao wakate asilimia ngapi. Kawaida ni 10, na ukitaka unaweka hata sifuri. Shida iko kwenye kuzitoa. Malipo hupita njia kama PayPal, hayaingii M-Pesa moja kwa moja. Hakikisha kwanza akaunti yako ya hapa nchini inaweza kupokea, ndipo upange bei. Mimi nimeziacha bure, na wa nyumbani akitaka kunishukuru ananirushia kwenye simu.

Msimbo wenyewe na matoleo ya zamani huviweka GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo. Hapo ni stoo, si duka. Mchezaji wa kawaida ukimpeleka GitHub hajui abonyeze nini. Kama gemu ni ya Game Boy, ipeleke pia Homebrew Hub, hazina ya gbdev, jumuiya ya wanaotengeneza gemu za Game Boy, ambako gemu huchezwa kwenye kivinjari na wanaopita ni watu wanaoijua kazi hii.

Kwa nini sehemu zote hizo? Kwa sababu majukwaa hufungwa. ROMhacking.net, tovuti ya gemu za zamani zilizorekebishwa na mashabiki, ilikuwepo tangu 2005, na Agosti 2024 ikaacha kupokea kazi mpya. Mafaili yake yakahifadhiwa Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Aliyekuwa na nakala zake mahali pengine hakupata presha.

WhatsApp tuma kiungo, usitume faili. Ukishatuma faili kwenye magrupu, toleo lenye hitilafu litazunguka mpaka Singida na huna namna ya kulirudisha, na kila anayelipokea atakulalamikia wewe.

Na tafadhali, usichore Mario, mhusika wa Nintendo. Januari 2021 Nintendo iliitaka Game Jolt, jukwaa jingine la gemu, iondoe gemu 379 za mashabiki, na zikaondolewa. Hakuna jukwaa litakalokutetea kwa kitu ambacho si chako. Vivyo hivyo na mdundo wa Bongo Fleva ulioubadilisha kidogo ukadhani mwenyewe hatausikia. Tovuti zinazogawa ROM za wizi zikikuomba gemu yako, kataa hata kama zina wageni wengi, maana kazi yako itakaa rafu moja na vitu vya kuibwa.

Kwenye ukurasa wa gemu, andika maelezo kwa Kiswahili na Kiingereza, na useme kitufe A kinafanya nini na B kinafanya nini. Wengi watakaoicheza hawajawahi kuishika Game Boy.