Kwanza mkuu wa chuo ashuke mwenyewe

Wiki hii mmeuliza chuo kikuu cha umma kifanye nini wanafunzi wanapoandamana na kukalia majengo. Jibu langu: mwenye mamlaka ya kuamua ashuke akakae nao, na polisi wasiitwe mpaka maisha ya watu yawe hatarini. Ofisi ikifungwa siku mbili tatu, hasara yake inafidika.

Angalieni yaliyotokea Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Davis, tarehe 18 Novemba 2011. Wanafunzi walikuwa wamepiga mahema uwanjani, wakipinga pamoja na mengine kupandishwa kwa ada. Polisi walipokuja kuyaondoa, baadhi yao waliketi njiani, wameshikana mikono. Askari mmoja akapita mbele ya safu yao bila haraka, akiwapulizia pilipili usoni, mmoja baada ya mwingine. Tume iliyochunguza ilisema mwaka 2012 kwamba tukio lile lingeweza kuzuiwa na lilipaswa kuzuiwa. Kilichoniuma zaidi katika ripoti hiyo ni kwamba uongozi ulihofia mahemani wamo watu wa nje, lakini haukuhakikisha kama kweli wamo. Watu wanapigwa kwa dhana! Mshauri wa wanafunzi angepita hema kwa hema asubuhi moja, jambo likajulikana. Mwishowe chuo kilikubali kulipa dola milioni 1 kumaliza kesi.

Hapo ilikuwa pilipili. Katika chuo cha umma cha Kent State, Ohio, tarehe 4 Mei 1970, askari wa Walinzi wa Taifa, jeshi la akiba la jimbo, walifyatua risasi kwa sekunde 13. Wanafunzi 4 walikufa, 9 wakajeruhiwa. Wawili kati ya waliokufa hawakuwa hata waandamanaji. Walikuwa wakitoka kipindi kimoja kwenda kingine.

Sisemi wanafunzi waachiwe wafanye watakalo. Anayewazuia wenzake kuingia kwenye mtihani, au anayemtisha mtu kwa sababu ya dini yake, aitwe kwenye kamati ya nidhamu, asikilizwe, kisha aadhibiwe. Asifukuzwe bwenini usiku kabla hajasikilizwa. Kanuni ziandikwe mapema na ziwe zile zile, uongozi uyapende madai yao au usiyapende, kwa sababu chuo cha umma ni cha walipa kodi wa kila msimamo.

Wapo wanaoona kuzungumza ni kusalimu amri. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town walikalia jengo la utawala wakidai sanamu ya Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza, iondolewe. Baraza la chuo likaamua, na tarehe 9 Aprili ikang'olewa. Chuo kile bado kipo na kinafundisha.

Ila mazungumzo yawe na tarehe. Wanafunzi wakiambiwa tu "tutalifanyia kazi", watarudi kwenye jengo lile lile, na safari hiyo hawatamwamini yeyote atakayeshuka. Hata jibu likiwa hapana, waandikiwe pamoja na sababu zake, na aliyeamua aweke sahihi.