Kabla ya Kuulaumu Mguu, Panua Vidole

Mara ya kwanza niliposhikwa na selulaitisi, maambukizi ya ngozi ya mguu, ilianza na baridi. Nilikuwa nimekaa tu jioni, mara nikaanza kutetemeka mpaka meno yakagongana. Nikadhani ni mafua makali yanabisha hodi, nikameza parasetamoli, nikajifunika gubigubi. Alfajiri nilipoushusha mguu wa kushoto kutoka kitandani nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya moto kwenye muundi. Ngozi ilikuwa imevutika, inang'aa, na ukiigusa kwa mgongo wa kiganja unaona wazi ina joto kuliko ya mguu wa pili. Kinenani mtoki ulikuwa umeshatoka.

Kidonda sikukiona popote, na hilo ndilo lililonipoteza. Nilijua maambukizi huanzia kwenye kidonda, basi bila kidonda nikajiambia nimeteguka usingizini. (Ndiyo, kuteguka usingizini. Mtu mwenye homa huamini chochote.) Siku mbili nikaukanda. Siku ya tatu kiatu hakikuingia, nikaenda hospitali.

Selulaitisi yenyewe ni hivi: bakteria wamepenya ngozi ya juu na kuingia tabaka la ndani pamoja na mafuta yaliyo chini yake. Ana ndugu yake wa juu juu, erisipelasi, ambaye ukingo wake umeinuka na umejichora. Unaweza kuufuata kwa kidole huku umefumba macho. Mara nyingi wahusika ni bakteria waitwao streptokoka. Ukiona usaha, shuku zaidi bakteria wengine, stafilokoka, na kama usaha umejikusanya na kuwa jipu, vidonge peke yake kwa kawaida havitoshi. Jipu hupasuliwa na mtu anayejua kazi hiyo. Usilikamue mwenyewe.

Kama ngozi yako ni nyeusi kama yangu, usisubiri ule wekundu wa kwenye picha za vitabuni. Wangu ulikuwa zambarau iliyokoza, na gizani usingeuona kabisa. Joto, uvimbe, maumivu na ngozi iliyokaza ndivyo vilivyonisaidia.

Nilimuuliza daktari mbona hanipimi. Alinijibu kwa upole kwamba hakuna kipimo kimoja cha kumaliza ubishi. Kwa mtu ambaye hali yake si mbaya sana, damu ikioteshwa maabara huonyesha bakteria kwa chini ya mgonjwa mmoja kati ya ishirini, na kufuta pamba juu ya ngozi isiyo na kidonda kunakuletea tu wakazi wa kawaida wa ngozi. Kwa hiyo ugonjwa huu hutambuliwa kwa macho, kwa mkono na kwa maswali, na ndiyo maana ni rahisi kuukosea. Mimi mwenyewe niliukosea baadaye, nitakuja huko.

Kabla sijaondoka muuguzi alichukua kalamu akazungushia mstari ukingo wa uvimbe, akaandika saa pembeni. Huu ni msaada wa bure na ningependa kila mtu aujue. Lakini hakunionya, basi nikuonye mimi: usiku ule rangi iliuvuka mstari kwa upana wa kidole, nami nikakesha. Kumbe katika siku moja au mbili za mwanzo eneo linaweza kutanuka kidogo kabla ya kurudi nyuma, kwa sababu bakteria wanapokufa huuchochea uvimbe. Uangalie mstari pamoja na mengine: homa inashuka? Maumivu yanapungua? Nguvu zinarudi? Kama baada ya saa 48 za dawa hakuna nafuu, au hali inazidi kuharibika hata kabla ya hapo, rudi usisubiri. Rangi yenyewe huchelewa sana. Mimi nilimaliza dawa nikiwa bado na doa jeusi, na lilikaa wiki kadhaa bila kumaanisha kwamba bado naumwa.

Dawa nilizopewa ni flukloksasilini, antibayotiki ya jamii ya penisilini. Siku tano hadi saba hutosha kwa selulaitisi isiyo na matatizo mengine, ingawa anayekutibu ndiye ataamua kwa kukuangalia. Kama una mzio wa penisilini, sema kabla karatasi haijaandikwa. Na mguu uinuliwe, uwe juu kuliko moyo. Kuuweka kwenye kigoda huku umekaa ni kujifariji tu. Nililala chali na mito mitatu chini ya kisigino, na naamini mito ile ilinipunguzia maumivu kuliko kidonge chochote.

Miezi tisa baadaye, mguu uleule, baridi ileile. Safari hii sikungoja siku mbili. Tabibu aliyenipokea alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya mara ya kwanza, mimi nikiwemo: alinivua soksi akapanua vidole vyangu kimoja kimoja. Kati ya kidole cha nne na cha tano ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, imechanika. Fangasi. Nilikuwa nayo miaka mingi, ikiwasha kidogo, nikiipuuza. "Mlango ndio huu," akasema.

Nilikuwa nimetibiwa muundi, na mlango ukabaki wazi. Tangu hapo swali langu la kwanza, mtu akinionyesha mguu uliovimba, ni hilo: wameingilia wapi? Inaweza kuwa ufa wa kisigino, kuumwa na mdudu ukajikuna, kidonda cha zamani, ukurutu, au mkwaruzo uliousahau. Nilipewa krimu ya fangasi na kuambiwa nisiiache siku muwasho utakapokoma, maana fangasi hujificha. Vidole navikausha kabla ya kuvaa soksi.

Uharaka wa kuufunga mlango ni huu: kila selulaitisi inaweza kuharibu mirija ya limfu, ile inayoondoa maji ya ziada mwilini, mirija ikiharibika maji hutuama mguuni, na mguu wenye maji hukaribisha shambulio jingine. Wenye matende wanaujua mzunguko huu vizuri kuliko mtu yeyote. Kwa wanaorudiwa mara kwa mara kuna njia mbili zilizojaribiwa vizuri. Moja ni penisilini ya dozi ndogo, miligramu 250 mara mbili kwa siku, kwa mwaka mzima: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, waliorudiwa wakiwa kwenye dawa walikuwa asilimia 22, dhidi ya 37 ya waliomeza vidonge visivyo na dawa. Baada ya kuacha, kinga ilififia. Nyingine ni soksi au bandeji za kubana, kwa wenye miguu inayovimba muda wote. Jaribio la Australia la mwaka 2020 liliona asilimia 15 wakirudiwa, dhidi ya 40 ya wasiovaa. Ila usijinunulie tu. Kwanza mtu ahakikishe damu inafika vizuri miguuni, la sivyo kubana kunaweza kudhuru.

Sasa aibu yangu. Mara ya tatu niliona miguu yote miwili imevimba na kubadilika rangi kuzunguka vifundo. Nilikuwa na vidonge vilivyobaki, kwa sababu nilikuwa nimewahi kukatiza dozi (usiniige), nikavimeza siku nne. Hakuna kilichobadilika. Homa sikuwa nayo, na mguu uliwasha kuliko ulivyouma. Kliniki walinilaza, wakaninyanyulia miguu, na ndani ya dakika moja au mbili rangi ikafifia mbele ya macho yangu. Selulaitisi haifanyi hivyo. Yalikuwa matatizo ya mishipa ya vena: damu inashindwa kupanda na ngozi inalipa gharama. Selulaitisi ya miguu miwili kwa pamoja ni nadra sana. Sikuwa peke yangu katika kosa hili, kwani utafiti wa hospitali moja ya Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kama asilimia 30 ya waliolazwa kwa selulaitisi ya mguu hawakuwa nayo.

Ugonjwa mwingine unaofanana na selulaitisi, na wa kuogopa, ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Kigimbi kinavimba na kuuma, mara nyingi bila homa kali, hasa baada ya upasuaji, safari ndefu au kulala kitandani muda mrefu. Hiyo hutafutwa kwa ultrasaundi, na kubahatisha kwa antibayotiki ni kupoteza muda ambao huna. Jongo nalo huiga vizuri, lakini hupenda kiungo, hasa cha kidole gumba cha mguu.

Kuna hali ambazo hutakiwi hata kumaliza kusoma. Maumivu makali kupita kinachoonekana kwenye ngozi, rangi inayokimbia kwa saa badala ya siku, malengelenge ya zambarau au meusi, sehemu iliyokufa ganzi, vipovu vya hewa chini ya ngozi ukibonyeza, mgonjwa kuchanganyikiwa. Hayo yanaweza kuwa dalili za maambukizi yanayoua nyama, nayo hutibiwa kwa upasuaji pamoja na dawa, siku hiyohiyo. Selulaitisi hushika hata karibu na jicho: kope likivimba, na jicho linauma ukilizungusha, limetokeza au linaona viwiliviwili, hilo pia ni la dharura. Aliyeng'atwa na paka, mbwa au binadamu, au aliyejikata majini baharini, aseme hivyo mapema, kwani bakteria wake ni wengine na dawa hubadilika. Na mwenye kisukari asitegemee maumivu yamwamshe. Mguu wake unaweza kuoza hadi mfupani kimyakimya.

Mimi penisilini ya mwaka mzima sijaanza. Tulikubaliana na daktari tuufunge mlango kwanza kisha tuone. Huu ni mwaka wa tatu. Soksi za kubana nazivaa asubuhi kabla ya kushuka kitandani, na kalamu ipo kwenye droo.