Sauti haijarudi na maji yanampalia baada ya mpira wa kupumulia: tusubiri?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, miaka 58, alikaa siku 16 katika chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na mpira wa kupumulia kooni. Mpira umetolewa wiki ya tano sasa. Anaongea kwa pumzi tu, na akinywa maji anapaliwa, ila ugali unapita. Tumeambiwa tusubiri. Je, mishipa ya fahamu imekufa?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza.

Mpira ule una puto karibu na ncha yake, la kuzuia hewa ya mashine isivuje. Shinikizo lake linatakiwa liwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Likizidi, au puto likikaa juu mno karibu na nyuzi za sauti, linaubana mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi hizo kwenye gegedu la zoloto (kisanduku cha sauti). Mara nyingi mshipa hupooza tu, haufi. Ukilazimika kuota upya hukua kama milimita 1 kwa siku, ndiyo maana upasuaji wa kudumu wa kurekebisha uzi wa sauti husubiri miezi 6 hadi 12.

Lakini kumpima hakusubiri. Sauti kama hiyo hutokana pia na kovu, kinyama kilichoota, au kigegedu kinachoshika uzi wa sauti kuteguka, na kilichoteguka kikirudishwa mapema ndipo hufaulu zaidi. Mpeleke wiki hii kwa daktari wa masikio, pua na koo amwangalie kwa kamera nyembamba ya puani. Ni dakika chache, halazwi usingizi. Ulizeni: nyuzi zote mbili zinatembea? Zinakutana katikati? Mate yametuama? Akiweza, amwangalie pia akimeza. Uzi mmoja ukiwa umepooza, unaweza kudungwa dawa ya kuujaza ili usogee katikati. Dawa hiyo hukaa miezi kadhaa, haiuzuii mshipa kupona, na humpunguzia kupaliwa.

Maji ndiyo hatari kuliko ugali, kwa sababu yanateremka kabla koo halijafunga. Kukohoa kwake kuna heri: koo bado linahisi. Ninachokihofia zaidi ni chakula kuingia mapafuni kimyakimya, bila kikohozi, kwa kuwa mpira unaweza kufisha pia hisia za koo. Dalili zake ni sauti ya majimaji baada ya kumeza, homa zinazojirudia na kupungua uzito.

Kwa sasa akae wima kabisa, ainamishe kidevu kifuani, apewe kijiko cha chai kimoja (mililita 5) kwa wakati, ameze mara mbili, kisha aseme "aaa". Ikisikika majimaji, akohoe na kumeza tena kabla ya kijiko kingine. Uji mzito kiasi ni salama kuliko chai au maji, mrija aache. Asilale kwa dakika 30 baada ya kula. Apigwe mswaki meno na ulimi kabla na baada ya chakula, maana uchafu wa kinywa ukishuka mapafuni ndio unaoleta nimonia. Asijikaze kunong'ona wala kusafisha koo kwa nguvu.

Akianza kuvuta pumzi kwa mlio wa filimbi, huenda nyuzi zote mbili zimekwama katikati au njia imebanwa na kovu. Hapo sauti inaweza hata kusikika nzuri, isiwadanganye: mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.