Krismasi niliyompa mama kiwiko

Naandika haya Desemba 2021. Juzi usiku, nafunga duka, msomaji mmoja kaniandikia. Ni dada anayefanya kazi mapokezi, hotelini, Arusha. Baba yake ana miaka 84, yuko Manyoni, hajachanja chanjo ya korona na kasema hachanji. Watalii wameanza kurudi, kila siku dada huyu anashika pasi za watu waliotoka kila pembe ya dunia, na sasa kuna hiki kirusi kipya cha Omicron kilichotangazwa Afrika Kusini Novemba 2021. Nyumbani wanamsubiri tarehe 24. Akamalizia hivi: "Dada, niende nisiende? Hakuna aliyetukataza, lakini moyo unasita."

Mwaka jana wakati kama huu ningemjibu hapo hapo, tena kwa mbwembwe, maana nilikuwa nimejipa cheo cha daktari wa ukoo. Leo namjibu taratibu. Na ili jibu langu lieleweke inabidi nisimulie jambo ambalo kwetu wanalijua watu wawili tu, mimi na mama.

Jumamosi, tarehe 19 Desemba 2020. Kulikuwa na sendofu ya binti wa rafiki yangu, ukumbi mmoja hapa hapa Dodoma. Nilivaa kitenge cha sare, nikacheza kuanzia getini hadi meza kuu na zawadi kichwani, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Barakoa ilikuwa kwenye pochi. Iko kwenye pochi tangu mwezi wa tano, imekunjwa pamoja na risiti za LUKU.

Narudi nyumbani saa tano usiku, simu inaita. Ni mdogo wangu wa London, analia. Jioni ile Boris Johnson alikuwa amewatangazia kwamba Krismasi imebadilika. Mwanzo waliahidiwa siku tano, tarehe 23 hadi 27, kaya tatu ziweze kukutana. Sasa London na sehemu kubwa ya kusini mashariki zinafungwa kuanzia usiku huo huo, hakuna kuingia nyumba ya mtu. Kwingine England wameachiwa siku ya Krismasi peke yake. Wakwe zake ni wazee wawili, wako Kent. Zawadi zimeshafungwa, watoto wameshapanga mabegi. Ikawa ndiyo basi.

Akaniambia, "Dada, wewe una bahati. Nyie hamna sheria."

Nilimwitikia tu, nikakata simu. Lakini usingizi uligoma, kwa sababu alikuwa amesema kweli na kweli yenyewe ilikuwa mzigo. Sisi sheria tulizionja mwanzoni. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020 akitokea Arusha, kesho yake shule zikafungwa, mikusanyiko ikazuiwa. Makanisa na misikiti haikufungwa hata siku moja, na hapakuwa na amri ya watu wote kukaa ndani. Kufikia mwanzo wa Mei takwimu zikakoma, tukabaki na wagonjwa wetu 509 vichwani. Mwezi wa sita tukaambiwa Mungu amejibu maombi, tarehe 29 shule zote zikafunguliwa. Ilipofika Desemba, ile ndoo ya koki niliyoiweka mlangoni pa duka nilikuwa nimeshaigeuza ya maji ya deki.

Mdogo wangu alikuwa na mtu wa kumlaumu. Ukikatazwa unalia, unamsema waziri mkuu, unalala. Mimi ilibidi niwe waziri mkuu wa mama yangu, na hakuna aliyenichagua.

Mama yuko Mpwapwa, nje kidogo ya mji. Wakati huo alikuwa na miaka 79, sukari na presha anazo zote mbili. Tulimjengea nyumba ya bati, akaikubali kwa heshima, halafu akaendelea kulala kwenye chumba kilichobaki cha tembe la zamani, kwa kuwa mchana hakina joto. Kuta nene za udongo, dari unaligusa kwa mkono, na dirisha ukubwa wa sinia. Mnaojua tembe mnajua. Baridi safi, lakini hewa ya humo ikishaingia haina haraka ya kutoka.

Usiku ule nilisoma kila nilichoweza kwenye simu. Kwamba mtu anaweza kukaa na kirusi siku kadhaa bila dalili na bado akaambukiza. Kwamba wazee wenye sukari ndio wanaoelemewa. Kwamba nje ni salama kuliko ndani. Nikajitungia sheria zangu: nitaenda, lakini nitakaa nje, sahani yangu, kikombe changu, barakoa muda wote, hakuna kushikana mikono. Niliziandika kwenye daftari la duka, ukurasa wa nyuma ya madeni. Nilijiona mtu wa maana sana. Kitu kimoja sikukiandika, nacho ni wapi nilikuwa masaa matatu kabla ya kushika kalamu.

Tarehe 23 nikapanda kosta. Chamwino, Mbande, tukakata kona kuelekea Kongwa, mvua ikaanza, madirisha yakafungwa yote. Siti ya watatu tumekaa wanne. Mwenye barakoa ni mimi peke yangu, hadi konda akaniuliza, "Mama, unaumwa?"

Nafika, mama katoka jikoni anafuta mikono kwenye khanga. "Mbukwenyi!" anaita tangu mbali, na mkono umeshanyooshwa. Mimi nikampa kiwiko.

Sijui kama nitaweza kuieleza. Mkono wake ulibaki hewani. Akautazama, kiganja kwanza halafu nyuma yake, kama anatafuta uchafu aliousahau. Kisha akaufuta tena kwenye khanga, taratibu, wakati ulikuwa mkavu. Akasema, "Karibu, mwanangu," akarudi jikoni.

Nikavuta kigoda hadi chini ya mkwaju na kukaa na sheria zangu.

Kaka mkubwa aliingia kesho yake akitokea Dar, anakohoa. Kikohozi kikavu. "Vumbi la njiani," akasema, wakati mvua imenyesha tangu jana. Akamkumbatia mama, akambusu kichwani, akabeba watoto wote. Nikamwambia kwa adabu zote za mdogo kwa mkubwa wake kwamba labda avae barakoa. Akanijibu mbele ya watu, "Korona iliisha mwezi wa sita. Au wewe redio huna?" Wakacheka. Sikumsamehe kicheko kile kwa muda mrefu, na nikisema ukweli, hata sasa kipo mahali.

Jioni akatoa dawa yake. Sufuria la majani ya mwarobaini, mchaichai, mikaratusi na malimao yaliyokatwa, likachemka mpaka uwanja mzima ukanukia. Akamkalisha mama kwenye kigoda, akaingia naye chini ya blanketi moja, wakajifukiza. Mama na mwana, vichwa vinagusana, sufuria moja, na kaka anakohoa humo humo ndani ya mvuke. Alifanya kwa mapenzi, nakiri. Lakini jamani, mvuke hauui kirusi, na blanketi moja kwa watu wawili ni chumba kidogo kuliko hata lile tembe.

Nikapandisha sauti. Naye akapandisha. Mama akatoa kichwa nje ya blanketi, jasho linamtiririka, akasema, "Mnanigombania kama shamba. Kuna aliyeniuliza?"

Hakuna aliyemjibu. Usiku mvua ikapiga kweli kweli, sote tukajibana chumbani kwake, watu saba, tukaimba nyimbo za Krismasi hadi karibu saa sita. Nilikuwa ndani. Barakoa ilikuwa kidevuni, kwa sababu huwezi kuimba sauti ya pili na kitambaa mdomoni.

Asubuhi tukaenda kanisani, tukala pilau, nikasahau hasira kidogo.

Sasa lile jambo lenyewe. Tarehe 26 nilikuwa jikoni nachemsha maharage kwenye mafiga, nimekaa karibu kabisa, natazama simu. Mama akapiga kelele kutoka ndani, "Unaunguza!" Nikafunua. Chini pameshakuwa meusi, moshi unatoka. Mimi niliyekaa hatua moja kutoka kwenye chungu sikunusa chochote. Nikasema ni huu moshi wa kuni umenijaa puani. Kesho yake kwenye kosta ya kurudi nikanunua chai ya tangawizi, ikashuka kama maji ya moto tu.

Nilijua? Nilijua, na nilikataa kujua. Siku saba kutoka kwenye ile sendofu.

Mama aliugua wiki ya kwanza ya Januari. Homa, kula hataki, halafu pumzi. Hospitali waliandika nimonia, wakamwekea oksijeni, na neno lingine halikutamkwa; mtakumbuka miezi ile watu walivyokuwa wanaongea kwa mafumbo. Alikaa siku kumi na moja. Kaka alifunga biashara yake Dar, akalala kwenye benchi la korido siku zote kumi na moja, na mitungi alilipia yeye. Na mimi, nikiwa Dodoma, nikaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Kuna mtu alikuja na kikohozi akaambiwa akabisha. Sasa aridhike." Aliusoma pale pale koridoni. Baada ya dakika chache simu ikaonyesha ametoka kwenye kundi. Hajarudi hadi leo.

Mama alipona, Mungu ni mwema, ingawa kuanzia hapo akitembea hadi bombani anapumzika mara mbili. Rais Samia alipozindua chanjo tarehe 28 Julai 2021, na wenye miaka 50 kwenda juu wakawa kwenye kundi la kwanza, nilimfuata mwenyewe. Akachanjwa Janssen, sindano moja. Tukiwa tumekaa kwenye benchi tunasubiri zile dakika za uangalizi, nikamwambia yote, sendofu, chai, maharage. Akasikiliza akibonyeza pamba mkononi.

"Nilijua," akasema. "Mtu asiyenusa maharage yanayoungua ana kitu. Umemwambia kaka yako?"

Nikasema bado.

Kwa hiyo dada yangu wa Arusha, na wengine wenye mzee kijijini, nisikilizeni. Huwa tunabishana kuhusu siku ya sikukuu, nani akae wapi, nani avae nini, na tunasahau siku kumi kabla yake. Ulikuwa wapi? Sheria yangu ilikuwa na barakoa, sahani na kiwiko, na yote hayo yalikuwa maigizo, maana mlango niliuacha wazi tarehe 19. Hata wale wa London walihesabiwa kaya na tarehe. Hesabu ya ulikopita unaijua wewe mwenyewe. Kama una sendofu, mkesha au kikao cha kamati wiki moja kabla ya kumwona mzee, chagua kimoja. Usifanye vyote viwili halafu umpe mama yako kiwiko.

Na muulize mwenyewe. Sisi tuna tabia ya kuwaheshimu wazee kwa kuwaamulia. Mpigie baba leo, sio kumtaarifu, kumuuliza. Mwambie unafanya kazi wapi, unakutana na watu gani, kirusi hiki kipya kinasemwa kuambukiza haraka, na yeye hajachanja. Usimfokee kuhusu chanjo. Muulize anaogopa nini, halafu nyamaza asikike. Akikubali hata leo, mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo usije na haraka ya tarehe 24. Muulize kama anataka uje na uchafu wa barabarani, au yuko tayari kula Krismasi yake tarehe 3 Januari ukiwa umechukua likizo na kukaa kwanza siku kadhaa kwa shangazi, au popote penye chumba chako. Huenda akasema njoo tu nife nimekuona. Ana haki hiyo. Lakini aseme yeye, akiwa anajua.

Ukienda, kaeni nje. Mvua ikinyesha, kibarazani. Ukikosa kunusa kitu, hata maharage, sema saa ile ile, kabla hujamtafuta mwenye kikohozi.

Na kama kuna mzazi anayekusubiri ukaamua kutokwenda, usijisifu kwa hilo. Nawajua watu wanaotangaza mtandaoni kwamba wao wanawapenda wazazi wao kiasi cha kutowaona, huku Ijumaa wako kwenye nyama choma. Nilikuwa mmoja wao, ndiyo maana nawajua.

Mwaka huu mama kaniambia anataka sote, na anataka mkono. Nimeacha mialiko yote tangu tarehe 12, hata ya ubatizo wa mtoto wa jirani, na jirani amenuna. Kaka nimempigia jana mchana, hakupokea. Nitampigia tena leo jioni, akishafunga duka.