Jibu: Kaliba moja ya kuwindia nyati na palahala Liwale

Mkuu, umeuliza kama bunduki ya kaliba (kipenyo cha risasi) .30-06 itakutosha kwa nyati, pofu na palahala, yule swala mkubwa wa pembe zilizopinda nyuma, kwenye vitalu vya uwindaji vya upande wa Liwale, kusini mwa Tanzania. Kwa palahala inatosha kabisa. Kwa nyati, hapana: kanuni zetu za uwindaji zinataka .375 kwenda juu, na hata zisingetaka ningekukataza. Nyati aliyejeruhiwa akaingia kwenye matete ni balaa, na anayetangulia kumfuata ni yule mfuatiliaji nyayo wako, siyo wewe.

Chukua .375 H&H Magnum, ya kampuni ya Holland & Holland ya Uingereza tangu 1912. Kichwa cha risasi yake cha greini 300, yaani gramu 19 na ushee, hutoka kwa karibu mita 770 kwa sekunde. Kwenye misitu ya miombo hupigi mbali, kwa hiyo uzito na kupenya ndiyo mambo. Risasi ya kwanza iwe ya kutanuka lakini imara, zinazofuata ziwe ngumu, zisizotanuka. Ngumu ikitangulia kwenye kundi, inaweza kumtoboa nyati na kumjeruhi aliye nyuma yake.

.458, iliyo kubwa zaidi, iache, teke lake begani ni kali na pofu hahitaji yote hayo. La .375 linazoeleka, ila fanya mazoezi umesimama, bunduki ikiegemea fito za kulengea, siyo mezani.