Mlango wa nakshi hauchongwi kwa picha moja

SWALI: Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi seremala hapa Keko, Dar es Salaam. Mteja wangu aliyeko Oman kanitumia kwa WhatsApp picha ya mlango wa nakshi wa nyumba ya babu yake Bagamoyo, anataka nimchongee unaofanana nao. Kijana mmoja kanitengenezea umbo la pande tatu kwa programu ya akili mnemba kwa shilingi 80,000, pamoja na vipimo mpaka milimita na maelezo kwamba ni mninga wenye misumari ya shaba. Nikiligeuza kwenye simu naona hadi nyuma. Ila unene wa miimo (mbao za kusimama za fremu), sentimita 4.5, unanitia shaka. Je, nilipeleke faili hili kwenye mashine ya kuchongea? Nimeambatisha picha na faili.

JIBU: Usilipeleke, fundi. Jicho lako limeona sawa.

Hayo maneno “naona hadi nyuma” nayasikia kila wiki, na kila mara yananikera, si kwa sababu yako bali kwa sababu ya wanaoyauza. Kamera haikuuona mgongo wa mlango huo. Sasa huo mgongo umetoka wapi? Umebuniwa. Programu za aina hii hufunzwa kwa kuonyeshwa picha za vitu ambavyo umbo lake zima linajulikana, zinakisia umbo, zinasahihishwa, na kazi hiyo hurudiwa mara nyingi mno. Hazina moja ya maumbo ya kufunzia iliyotumika sana, ShapeNet ya mwaka 2015, imejaa viti, meza, magari na ndege. Mwaka 2019 mtafiti Maxim Tatarchenko na wenzake walizipima programu za kujenga umbo kwa picha moja, wakakuta kwamba njia rahisi ya kukitambua kitu na kuchomoa ghalani umbo linalofanana nacho ilifanya kazi sawa nazo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kilichoitwa kujenga kilikuwa kutambua tu. Za leo ni kubwa zaidi na umbo lake linavutia, lakini upande ambao haukupigwa picha bado ni makisio.

Nimelifungua faili lako. Tazama ubao wa kulia, pembeni ya mfaa (mti wa kusimama katikati ya mlango): kuna mfereji mrefu, kuanzia juu hadi chini. Kwenye picha hapo hakuna mfereji, kuna kivuli cha mfaa, maana jua lilikuwa upande wa kushoto. Mashine ya kuchonga ingekuchimbia kivuli kwenye mbao ya bei mbaya.

Halafu hizo milimita. Mlango wa mita 2 ukipigwa picha kutoka mita 4, na kielelezo chake cha sentimita 20 kikipigwa kutoka sentimita 40, vinajaza picha vilevile kabisa. Picha pekee haijui ukubwa. Programu inaweza kukisia kwa kuwa milango mingi ina kimo fulani, na milango ya zamani ya pwani haifuati kimo hicho. Tena WhatsApp ilikwisha kuibana picha na kufuta taarifa za kamera, ukiwemo urefu wa fokasi ya lenzi, ambao ungesaidia kidogo.

Na maelezo nayo ni yaleyale. Chini ya misumari kuna michirizi myekundu ya kutu. Shaba huota ukijani, haitoi kutu nyekundu. Hiyo ni chuma. Programu imeandika shaba kwa sababu maneno “mlango wa nakshi” na “misumari ya shaba” huandamana mara nyingi. Tangu mwaka 2018 watafiti wameonyesha kwamba programu za kueleza picha hutaja vitu visivyomo kwa sababu ya mazoea kama hayo. Kuhusu mninga, mbao iliyolowa mafuta na moshi miaka mingi haitambuliki kwa rangi.

Kama mlango bado upo, mwombe mteja amtume ndugu yake aliyeko Bagamoyo. Apige picha nyingi akisogea kidogokidogo, kila picha ikibeba angalau theluthi mbili za iliyotangulia, pasipo kuvuta karibu kwa zumu. Apige kukiwa na mawingu, aufungue mlango na kupiga pia nyuma na unene wake. Abandike karatasi ya A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297, kisha apime kwa futi kamba kimo, upana na unene wa miimo. Kipimo kimoja kitaweka ukubwa wa umbo; vilivyobaki ni vya kulikagua. Picha azitume kama dokumenti. Kwa picha hizo, programu hulinganisha nukta ileile kutoka pembe mbalimbali na kukokotoa mahali ilipo kweli. Huo ndio upimaji. Mng'ao wa vanishi utasumbua, kwa hiyo nakshi yenye kung'aa ipigwe kutoka pembe nyingi zaidi.

Nakuomba uwaambie na wenzako hapo Keko, maana sasa jiji hili limejaa watu wanaouza vipimo vya picha moja: bati za kuezekea, uwanja wa kuuziwa mtu, hata mguu wa mgonjwa anayetengenezewa kiungo bandia. Bati zikipungua utaongeza. Kiungo kisichokaa sawa kinamchubua mtu kila hatua. Wengi wao hawajawahi kupima kitu kimoja kwa mkono na kulinganisha na kile simu ilichowapa. Mtu akikuletea umbo, muulize limetoka kwenye picha ngapi, kipimo gani cha kweli kiliweka ukubwa wake, na ni kipimo kipi kingine kilitumika kulikagua. Akijibu kwamba programu inajua yenyewe, usimlipe.