Yevune: nazi ya Mzungu?

SWALI: Rafiki wa Lomé aliniambia kwamba kwa Kiewe nazi ni *yevune*, "kokwa ya Mzungu". Ni kweli? Na majina ya matunda mengine? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Ni kweli. *Yevu* ni Mzungu. *Ne* ni kokwa ya chikichi, ile ambayo Kigoma huitwa mise. Waewe wa kusini-mashariki mwa Ghana na kusini mwa Togo wana mchikichi, *deti*, tangu kale. Mnazi uliwafikia kwa merikebu: katika karne ya 16 Wareno walichukua nazi za Bahari ya Hindi wakazipeleka visiwa vya Cape Verde, zikaenea pwani ya Afrika Magharibi. Kokwa ngeni ikapewa jina la ile iliyozoeleka, pamoja na jina la aliyeileta, kama sisi tulivyosema "viazi ulaya". Kumbe nazi hiyo "ya Mzungu" ilitoka upande wetu wa bahari!

Parachichi ni *peya*, kwa sababu Kiingereza cha Ghana huliita parachichi kwa jina la pea, tunda la Ulaya. Jina hilohilo lilitujia sisi kwa Kireno, *pêra*, nasi tukalibandika kwenye pera la mpera.

*Akutu* (chungwa) hutumiwa na Waga wa Accra pia. *Atɔtɔ* ni nanasi, *akɔɖu* ni ndizi ya kula mbivu, *abladzo* ni mzuzu. Haya yashike yalivyo. Ukiyakatakata kutafuta maana utajitungia hadithi.

SWALI: Mti na tunda lake hutofautishwaje?

JIBU: Sisi tunaweka *m-* mbele, wao wanaweka *-ti* nyuma: *akututi* mchungwa, *yevuneti* mnazi. Hiyo *-ti* ni *ati*, mti, na wanaisimu huihesabu kuwa shina moja na *-ti* ya "mti" wetu, maana lugha zote mbili ni za ukoo wa Niger-Kongo. "Tunda" lenyewe ni *atikutsetse*: *ati* mti, *ku* mbegu, *tse* kuzaa.

Wingi ni *-wo*, *akutuwo*. Ukitaja idadi, iache: *akutu eve*, machungwa mawili.

Wanaoanza hukosea zaidi kwenye *ɖ*, wakaiandika *d*. Kunja ncha ya ulimi nyuma kidogo, iguse kaakaa. *Da* ni kutupa, *ɖa* ni kupika.